Askari wa mahandakini, 1914–1918: siku yake ilipitaje, na kwa nini mita mia mbili zilimshinda?

Mwalimu_Kidato3 aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita tulifika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kitabu tunachotumia kina aya mbili tu kuhusu mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji: majeshi yalichimba, yakakaa humo miaka minne, na watu wengi wakafa. Binti mmoja anayekaa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza walikuwa wanalala wapi, wanajisaidia wapi, na mvua ikinyesha walifanya nini. Mwenzake akadakia: ikiwa adui alikuwa umbali wa viwanja viwili vya mpira, kwa nini wasitimue mbio wakamfikia? Niliwaahidi kuwaletea majibu, maana sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha.

Naomba msaada wenu, hasa wale waliopitia jeshi au waliosoma habari hizi kwa kina. Siulizi majina ya majenerali wala orodha ya mapigano. Natafuta siku ya askari wa miguu wa kawaida, tangu alfajiri hadi alfajiri, na namna mapigano yenyewe yalivyokuwa kwa mtu aliyekuwamo. Nina swali langu mwenyewe pia: vita hivyo hivyo vilipiganwa huku kwetu kwa zaidi ya miaka minne, mbona hatusikii habari za mahandaki ya namna hiyo?

---

Mstaafu_wa_Miguu alijibu:

Mwalimu, wanafunzi wako wameanza pale ambapo askari mwenyewe angeanza. Nilitumikia jeshi la miguu kwa miaka mingi. Sikupigana vita vya aina hiyo, lakini nimechimba vya kutosha mazoezini kujua kwamba handaki ni kibarua kwanza, kinga baadaye. Shimo la kusimama mtu mmoja katika udongo mgumu humchosha kijana mwenye afya kwa saa nzima na zaidi. Wale walichimba maelfu ya kilomita, na walichochimba kilibomolewa na mvua na makombora, wakakichimba tena.

Mahandaki hayakutokana na mpango wa mtu yeyote. Wajerumani waliporudishwa nyuma kutoka mto Marne, nchini Ufaransa, mwezi Septemba 1914, walisimama kwenye miinuko ya mto Aisne wakajichimbia. Kila upande ukajaribu kuuzunguka ubavu wa mwenzake kwa kuelekea kaskazini, na kila ulipofika ukawakuta watu wameshachimba, mpaka bahari ikauzuia. Mwaka ulipokwisha, mstari ulikuwa umetanda kutoka pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi, kiasi cha kilomita 700, na hapakuwa tena na ubavu wa kuuzunguka. Aliyetaka kusonga mbele ilimlazimu apite katikati.

Handaki lenyewe halikunyooka. Lilikwenda likipinda kila baada ya hatua chache, ili kombora likiangukia ndani vipande vyake viishie kwenye kona, na ili adui akifanikiwa kuingia asiweze kupiga risasi kulifyeka lote kwa urefu wake. Lilikuwa na kina cha kumzidi mtu kimo. Upande wa adui kulikuwa na kidaraja cha udongo cha kupandia mtu anapotaka kuchungulia au kufyatua, na ukingo wa viroba vya mchanga juu yake. Mbele ya ukingo kulikuwa na seng'enge, safu kwa safu. Nyuma ya handaki la mbele palikuwa na handaki la msaada, na nyuma zaidi la akiba, yote yakiunganishwa na mifereji ya kupitia, ambamo chakula, risasi na majeruhi vilipishana kwa taabu usiku kucha.

Binti yako ameuliza walilala wapi. Askari wa kawaida wa Uingereza alilala mahali alipopata: ndani ya tundu lililochongwa ubavuni mwa handaki, au ameketi amejifunika turubai, buti miguuni na bunduki mkononi. Maofisa walikuwa na vijumba vya chini ya ardhi, vidogo na vyenye unyevu. Wajerumani walijenga vizuri zaidi, kwa sababu walikuwa wamekaa juu ya ardhi waliyokwisha kuiteka na nia yao ilikuwa kuishikilia. Kule Somme, kaskazini mwa Ufaransa, penye mwamba laini wa chokaa, walichimba vyumba vyenye vitanda kwenye kina cha mita tisa na zaidi, vingine vikiwa na taa za umeme. Makamanda wa Uingereza na Ufaransa waliyaona mahandaki yao kuwa kituo cha kupumzikia kabla ya kusonga mbele, na askari wao walilipia fikra hiyo kwa kulala matopeni.

Choo kilikuwa shimo au ndoo katika kichochoro kilichochimbwa pembeni, na watu maalumu walipewa kazi ya kuvitunza. Adui alipotambua kilipo alipenda kukilenga, kwa sababu alijua lazima mtu atakwenda. Mvua ilipokuwa ikinyesha waliloa nayo. Walitandika mbao za kukanyagia juu ya maji, wakayachota kwa ndoo na pampu. Huko Flanders, magharibi mwa Ubelgiji, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji, mara nyingi hawakuchimba bali walijenga ukuta wa viroba kwenda juu na kujificha nyuma yake.

Sasa siku yenyewe. Ilianza gizani. Kabla ya mapambazuko kila mtu alisimama kwenye kidaraja, singe imeshachomekwa kwenye mtutu, akitazama ukungu, kwa sababu alfajiri ndiyo saa ya kushambuliwa. Kukishapambazuka bila tukio, au baada ya pande mbili kurushiana risasi kama salamu, Waingereza waligawiwa funda la ramu, wakasafisha bunduki, wakakaguliwa. Kisha kifungua kinywa: chai, mkate ukiwa umefika, la sivyo biskuti ngumu ambazo wengine walizitwanga na kuziloweka ili zilike, nyama ya kopo na jamu. Maji yaliletwa katika madebe ya petroli, na chai ilibaki na ladha ya petroli. Katika sehemu zilizotulia pande zote mbili ziliachiana nafasi ya kula kwa amani saa hiyo, bila mkataba wowote uliosemwa. Aliyevunja desturi hiyo alijua kwamba kesho chai yake itamwagwa na kombora.

Mchana ulikuwa wa kujificha, kwa kuwa aliyeinua kichwa alikutana na mlenga shabaha. Watu wachache walikaa lindo wakitazama kwa vioo vya kuchungulia, wengine wakajaribu kulala, wakaandika barua, wakashona nguo, wakazibua maji. Jioni walisimama tena kama alfajiri, kisha giza lilipoingia ndipo kazi zilipoanza. Vikundi vilikwenda kutengeneza seng'enge, vingine kubeba mbao, maji na visanduku vya risasi, vingine kukarabati kuta zilizobomoka, vingine kwenda doria mbele. Lindo la usiku lilikuwa la saa mbili mbili, na katika jeshi la Uingereza kusinzia lindoni lilikuwa kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ilikuwa kifo. Nimewahi kukesha lindo nikiwa nimechoka, nikihisi kope zinashuka zenyewe, na adui hakuwepo. Sitaki hata kufikiri ilikuwaje kwa yule aliyekesha usiku wa nne mfululizo huku miguu imo majini.

Jambo moja ambalo vitabu vingi vya shule huliacha: hawakukaa mbele miaka minne mfululizo. Kikosi cha Uingereza kwa kawaida kilikaa handaki la mbele siku chache, mara nyingi nne hadi nane, kisha kikarudi handaki la msaada, kisha la akiba, kisha vijijini nyuma kuoga, kucheza mpira na kupewa kazi nyingine za sulubu. Wafaransa kule Verdun, mashariki mwa nchi yao, mwaka 1916 walizungusha vikosi vyao kwa namna ambayo sehemu kubwa ya jeshi lao ilipitia pale. Bila mzunguko huo hakuna binadamu ambaye angestahimili.

---

Nesi_Mkongwe alijibu:

Shikamoo mzee, na pole na kazi, Mwalimu. Nitaongeza upande wa mwili, kwa sababu nimefanya kazi ya uuguzi kwa muda mrefu na hapo ndipo habari hizi hunigusa zaidi.

Katika majira ya baridi ya kwanza, 1914 kuingia 1915, Waingereza wapatao 20,000 walitibiwa ugonjwa wa miguu uliotokana na mahandaki. Mguu ukikaa katika maji baridi na buti iliyobana kwa siku kadhaa, damu haifiki vizuri, nyama hufa ganzi, huvimba, hubadilika rangi, na ukipuuzwa huoza mpaka vidole au mguu mzima ukatwe. Dawa iliyosaidia haikuwa ya duka la dawa. Askari walipewa mafuta ya nyangumi ya kujipaka, soksi kavu za kubadilisha, na wakapangwa wawili wawili, kila mmoja akisugua na kukagua miguu ya mwenzake. Ofisa ambaye watu wake waliugua kwa wingi alitakiwa kujieleza. Ugonjwa ulipungua sana. Kila ninapowafundisha wauguzi vijana kukagua miguu ya wagonjwa wa kisukari, huwaeleza kisa hiki.

Chawa walikuwa kwa kila mtu. Walitaga mayai katika mishono ya nguo, na askari waliketi wakipitisha mwali wa mshumaa kwenye mishono hiyo ili kuyapasua. Kulikuwa na homa iliyokuja, ikaondoka, ikarudi baada ya siku kama tano, ikiambatana na maumivu makali ya miundi. Ni mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni, ndipo ilipothibitishwa kwamba chawa ndio walioieneza. Panya nao walinenepa, na sitaeleza walichokula. Mwalimu, hilo utaamua mwenyewe kama watoto waambiwe.

Kuhusu majeraha: ardhi ile ilikuwa ya mashamba yaliyotiwa samadi kwa karne nyingi. Kipande cha kombora kiliingia mwilini na udongo na kitambaa cha sare, na vijidudu vya udongo huo vikaleta uozo wenye gesi ndani ya nyama, unaoweza kuua kwa siku chache. Dawa za viuavijasumu hazikuwepo. Madaktari walijifunza kuchana kidonda, kukata nyama yote iliyokufa na kukiacha wazi badala ya kukishona. Aliyevunjika paja mwaka 1914 alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko kupona, mpaka gango la Thomas, linalovuta mguu na kuunyoosha, lilipoanza kutumiwa karibu na mstari wa mbele na vifo hivyo vikashuka mno. Lakini kwanza ilibidi mtu afikishwe. Katika matope ya Passchendaele, nchini Ubelgiji, mwaka 1917, machela iliyohitaji wabebaji wawili au wanne ilibebwa na wanane na zaidi, wakizama hadi magotini, kwa saa nyingi.

Wako pia waliopona mwili na kuumia akili. Walitetemeka, wakapoteza sauti, wakashindwa kutembea bila jeraha lolote. Mwanzoni wengi walidhani ni mtikisiko wa makombora kwenye ubongo, na wengine wakasema ni uoga. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliokuwa wamepigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na uoga, na ni vigumu kuamini kwamba hakukuwa na wagonjwa miongoni mwao.

---

Mkaazi_wa_Flanders alijibu:

Ninaishi magharibi mwa Ubelgiji, si mbali na Ypres, ambako hadi leo wakulima wakilima hufukua makombora ambayo hayakulipuka na kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe na wanajeshi. Nitajibu swali la yule mwanafunzi wa pili, la kukimbia.

Kwanza, vita vya kila siku havikuwa mashambulizi makubwa. Watu walikufa kidogo kidogo hata siku ambazo taarifa zilisema hakuna jipya: kombora moja wakati wa chai, risasi ya mlenga shabaha, mzinga mdogo uliorusha bomu juu hewani likashuka moja kwa moja ndani ya handaki. Usiku vikundi vidogo vilivamia handaki la adui ili kukamata mateka wa kuhojiwa, nyuso zikiwa zimepakwa masizi, na silaha zao zikiwa mabomu ya mkono, visu na marungu, kwa kuwa bunduki ndefu haigeuziki kwenye kona za handaki. Majeraha mengi zaidi ya vita vile yalitokana na mizinga. Singe, ambayo picha hupenda kuionyesha, ilijeruhi wachache sana.

Karibu na hapa ninapoishi, jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani walifungulia mitungi ya klorini, na wingu la kijani kibichi likawafikia askari wa Ufaransa, wengi wao wakitoka Algeria, wasio na kinga yoyote. Mwanzoni watu walijifunika pua kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Barakoa za kweli zilifuata, kisha gesi mbaya zaidi, na mwezi Julai 1917 ikaja gesi ya haradali, inayochoma ngozi na macho na kubaki ardhini kwa siku nyingi.

Sasa shambulio. Chukueni tarehe 1 Julai 1916, kule Somme. Mizinga ya Uingereza ilikuwa imepiga kwa wiki nzima makombora kama milioni 1.5, na askari waliambiwa kwamba hakuna atakayebaki hai upande wa pili. Lakini makombora mengi yalikuwa ya kumwaga vigololi vya risasi, ambavyo havikati seng'enge vizuri wala haviwezi kumfikia mtu aliye mita tisa chini, na mengine hayakulipuka. Saa 1:30 asubuhi filimbi zilipulizwa. Watu walipanda ngazi wakiwa na mzigo wa kilo 30 hivi: bunduki, risasi, mabomu, maji, chakula, na wengi sepetu au viroba vitupu vya kujengea ukingo mpya. Mizinga ilikuwa imehamia kupiga nyuma zaidi, na Mjerumani chini ya ardhi aliposikia kimya alijua maana yake. Ikawa ni mashindano ya nani atafika kwanza kwenye ukingo, na aliyekuwa na ngazi ya kupanda tu alimshinda aliyekuwa na mamia ya mita za kuvuka. Bombomu, kama wazee wetu walivyoiita bunduki ya Maxim, ilifyatua risasi 450 hadi 500 kwa dakika. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 wakiwa wamekufa. Upande wa kusini, karibu na Wafaransa waliokuwa na mizinga mizito mingi zaidi, vijiji vya Mametz na Montauban vilitekwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ujasiri ulikuwepo kote. Kilichotofautiana ni kazi iliyofanywa na mizinga kabla ya filimbi.

Na hata walipofika, shida kubwa ilikuwa inaanza. Nyaya za simu zilikatwa na makombora, na mjumbe wa miguu aliyetumwa kuomba msaada alichukua muda mrefu au hakufika kabisa. Kamanda aliyekuwa nyuma hakujua wapi pamefanikiwa. Adui alileta askari wa akiba kwa reli hadi karibu, ilhali mshambuliaji alivuta mizinga na risasi zake kupitia ardhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameigeuza mashimo matupu. Kuingia handaki la kwanza kuliwezekana mara nyingi. Kulivuka la tatu ndiko kulikowashinda kwa miaka mitatu.

Walijifunza, ingawa kwa gharama ambayo siwezi kuiandika bila uchungu. Walijifunza kutembea nyuma ya pazia la makombora lililosogea mbele yao hatua kwa hatua, ili wafike wakati mlinzi bado ameinama. Mwaka 1917 Waingereza waliipanga upya platuni, yaani kikosi kidogo cha askari wa miguu, kila moja ikawa na warusha mabomu na bunduki yake nyepesi ya rashasha, badala ya kuwa mstari wa watu wenye bunduki za kawaida tu. Wajerumani waliacha kurundika watu handaki la mbele, wakatawanya ulinzi kwa kina, kisha wakaunda vikosi vya kupenya penye udhaifu. Vifaru vilionekana mara ya kwanza Somme tarehe 15 Septemba 1916, vichache na vibovu, lakini kule Amiens, Ufaransa, tarehe 8 Agosti 1918 mizinga, ndege, vifaru na askari wa miguu vilifanya kazi pamoja, na mstari ukaanza kurudi nyuma hadi vita vikaisha.

---

Mwana_wa_Lindi alijibu:

Mwalimu, nijibu lile la huku kwetu. Mahandaki yalikuwepo, ila hayakuweza kuwa ukuta. Kule Ulaya mamilioni ya watu walibanana kwenye kilomita 700, na reli ziliwalisha kila siku. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki halikuzidi watu 15,000 hivi katika nchi kubwa kuliko Ujerumani yenyewe, kwa hiyo siku zote palikuwa na ubavu wa kuzunguka na pori la kurudi nyuma. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, na mzigo ukawa juu ya vichwa vya wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, ni kumbukumbu yao. Lakini walipoamua kusimama, ilikuwa mahandaki na bombomu vile vile. Kule Mahiwa, bara ya Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walijichimbia, na upande wa Uingereza ukapoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, kwa siku nne, wengi wao wakiwa Waafrika kutoka Nigeria na kutoka kwetu.

---

Mwalimu_Kidato3 aliandika:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Ijumaa nitawatoa wanafunzi nje. Tutachora mstari mmoja kwenye goli la uwanja wa shule na mwingine mita mia mbili kutoka hapo, kule ulipo mwembe, na yule aliyeuliza swali la kukimbia atatembea kati ya mistari hiyo huku wenzake wakihesabu muda kwa saa.

---

Mstaafu_wa_Miguu aliandika:

Vizuri sana, Mwalimu. Mpe ndoo mbili zilizojaa maji, ukipata nafasi mwagia kiwanja kwanza, na kila baada ya hatua kumi mwekee kamba ya kuruka badala ya seng'enge. Nakisia atatumia dakika tatu au nne. Halafu waache wazidishe wenyewe kwa risasi 450, kwa bombomu moja tu.